Ulimwacha mavyaa kwenye mvua, sasa unauliza kwa nini hakukuaga

*Shikamoo Mama. Naomba usinitaje jina. Nina miaka 34, tunaishi Minnesota, Marekani. Nimeolewa miaka tisa, tuna watoto wawili, wa miaka minane na mitano. Nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, zamu za usiku.*

*Mwezi wa saba mume wangu alisema tunakwenda mapumziko siku nne. Nikajua hoteli. Kumbe katupeleka Itasca, hifadhi ya jimbo, mwendo wa karibu saa nne, tukalale kwenye hema kama wakimbizi. Mama mkwe alikuwa amekuja kututembelea kutoka Tanga, naye akachukuliwa. Mtandao hakuna. Mbu wanatafuna. Hakuna pa kuoga kwa heshima. Hata kuni tunanunua, na msitu huo hapo! Mimi nazunguka na simu natafuta mtandao, mama mkwe amekaa motoni anawapigia watoto paukwa pakawa mpaka hawataki kuja kulala kwangu.*

*Usiku wa kwanza baridi ilinizidi, nikaingiza jiko letu dogo la mkaa ndani ya hema. Mume wangu akalinyakua akalitupa nje, akanifokea mbele ya mama yake. Hajawahi kunifokea hivyo. Usiku wa pili ikaja mvua na radi, nikachukua watoto na gari nikaenda kulala hoteli Park Rapids. Nilipopata mtandao nikakuta mume wangu, alipokwenda mjini kununua barafu, alituma picha kwenye kundi la ukoo: mimi nimekaa juu ya gogo, kanga kichwani. Ikawafikia wenzangu wa kikundi, ambao nilishawaaga kuwa tunakwenda hotelini. Sasa naitwa Mama Hema.*

*Tangu turudi mume wangu haongei nami ila habari za watoto. Mama mkwe amerudi Tanga bila kuniaga vizuri. Nahisi ndiye anayemjaza maneno. Msitu si mahali pa mwanamke anayejiheshimu. Nifanyeje mume wangu aachane na mambo haya, na mama yake asiingilie ndoa yangu?*

Marahaba, mwanangu.

Pole ninayo moja, na ni ya kweli. Mwanamke anayekesha akigeuza wazee wa watu kitandani, akipata siku nne za kupumzika, anataka godoro zuri na mlango wa kufunga. Mume wako alipaswa kukuambia mnakwenda wapi, upange vitu vyako na moyo wako. Hapo alikosea, nitamrudia. Yaliyobaki si ya kukupa pole.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mtandao umeutaja mara tatu. Watoto umewataja wakati hawataki kuja kulala kwako, kisha ulipowapakia garini usiku. Kama walifurahi, kama waliogelea, kama walicheka, hukuniandikia hata neno. Mama aliyekwenda matembezini na wanawe akarudi hana la kusimulia juu yao, huyo mwili wake ulikuwa kambini na moyo wake ulikuwa kwenye simu.

Tuanze na jiko, kwa sababu hapo nilikunja barua nikainuka nikanywa maji. Mwanangu, uliingiza mkaa unaowaka ndani ya hema lenye watoto wawili! Mkaa ukiwaka mahali palipofungwa hutoa hewa ya sumu, kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu. Haikuamshi, haikukohozi. Inaingia kwenye damu na kukaa mahali pa oksijeni, unasikia kichwa kizito, unadhani ni usingizi, unalala. Hata kwetu, kwenye baridi za Lushoto na Njombe, wapo waliolala na jiko ndani wakakutwa asubuhi wameshatangulia. Wewe unafanya kazi ya kutunza wagonjwa, haya uliyasikia au ulipaswa kuyasikia. Mume wako alikufokea? Alikuwa ameona kaburi la wanawe. Ningekuwepo ningefoka kuliko yeye. Unasema hajawahi kukufokea miaka tisa. Basi una mume mpole, na siku alipopaza sauti alikuwa anawaokoa. Hilo si la kumshtaki nalo, ni la kumshukuru, na ushahidi umenipa wewe mwenyewe.

Usiku wa pili sasa. Umeupitisha haraka sana: "nikachukua watoto na gari." Maneno manne, na ndani yake mna habari yote. Gari mlikuwa nalo moja. Mvua inanyesha, radi inapiga, misonobari ya Itasca ni mirefu na mingine ina zaidi ya miaka mia mbili. Hema halizuii radi. Mahali pa kukimbilia kwenye kambi ile radi ikianza ni ndani ya gari au ndani ya jengo. Ukalichukua gari, ukamwacha mume na mama yake mtu mzima chini ya kitambaa, usiku, pasipo simu inayoshika. Na chakula hulazwa garini kule, maana msitu una dubu weusi, kwa hiyo nadhani hata mkate wa asubuhi uliondoka nao. Ulipofika hoteli ulifungua simu ukaanza kutazama picha. Hujaniandikia kama ulijaribu kujua wamelalaje. Hujaniandikia kama asubuhi ulirudi saa ngapi.

Halafu unashangaa mavyaa wako hakukuaga vizuri. Alikuaga, wewe ndiye uliyetaka zaidi. Mimi ni mavyaa wa watu watatu. Angekuwa mkwe wangu amenifanyia hivyo, nchi za watu, ningeita ndugu wa pande zote mbili kabla sijapanda ndege. Yeye alinyamaza, akakunja kanga zake akaenda zake. Mwanamke anayenyamaza vile hamjazi mwanawe maneno. Mwanawe alikuwapo, alilowa naye, hahitaji kujazwa.

Unaniambia hakuna pa kuoga. Nimekaa Minnesota kwa binti yangu miezi mitano, na Itasca nimefika. Kambi zile mbili, Bear Paw na Pine Ridge, zina mabafu na vyoo vya kuvuta maji. Sema hukutaka kutembea na ndoo na taulo mbele za watu, nitakuelewa, lakini usiniambie hakuna. Na kuni zinanunuliwa palepale kwa sababu kuni za kutoka mbali hubeba wadudu wanaoua miti, na za msituni haziokotwi kwa sababu ni hifadhi. Mume wako alikuwa anafuata sheria.

Tena unasema msitu si mahali pa mwanamke anayejiheshimu. Lile jengo la wageni uliloegesha gari mbele yake limepewa jina la mwanamke, Mary Gibbs. Mwaka 1903, akiwa na miaka 24, alishika usimamizi wa Itasca baba yake alipofariki, akawakabili wakata magogo waliokuwa wamepandisha maji kwa bwawa lao, nao wakamtishia kwa bunduki. Heshima yake iko palepale msituni mpaka leo, imeandikwa ukutani. Itasca ilitengwa mwaka 1891, ndiyo hifadhi kongwe kuliko zote za jimbo hilo, na bila watu wa namna hiyo ile misonobari ingekwisha.

Nikuambie ninachokiona mimi. Hema halijakuuma. Umeumwa na jina la Mama Hema. Uliwaaga wenzako wa kikundi kwa hoteli, picha ikaja na gogo na kanga. Kikulacho ki nguoni mwako. Hao wenzako ndio waliokuvunjia nyumba kwa kicheko kimoja, na wewe ukawafungulia mlango. Mume akanyimwa uso mwema, mavyaa akaachwa kwenye mvua, watoto wakatolewa usingizini, kwa ajili ya watu ambao ukiugua wataleta pole ya ujumbe wa simu. Mwenye kukuletea uji ni yule aliyelowa.

Na yupo mwingine aliyekuuma, ingawa hukutaka kumtaja kwa jina la kosa. Wanao walikaa motoni na bibi yao wakakataa kuja kwako. Hilo linauma, mwanangu, sitakuficha. Mwaka mzima mama analala mchana na watoto wanaambiwa wasipige kelele, anakuja bibi wa Tanga na paukwa pakawa yake, wanamfuata kama vifaranga. Lakini hakukuibia. Saa za ukimya kambini zinaanza saa nne usiku, hadithi ilikuwa lazima iishe hapo. Ungekaa tu. Ungejifunika kanga ukamwegemea ukaitikia "pakawa" pamoja na wanao. Kulikuwa na nafasi juu ya lile gogo.

Sasa nifikirie mume wako, maana barua nzima hukuniambia kwa nini alichagua Itasca. Nadhani najua. Mto Mississippi unaanzia pale. Unatoka ziwani, mwembamba, maji ya magotini, watu huuvuka kwa kukanyaga mawe. Ile nguzo ya gogo kando yake inasema mto unakwenda maili 2,552 mpaka Ghuba ya Mexico. Baba anayetoka mkoa wenye mto Pangani, ana mama yake mbele yake labda kwa mara ya mwisho nchi ile, ana wanawe wanaokua bila kujua kuwasha moto, aliwaza: nitawashika mkono wote wauvuke huu mto mkubwa kwa miguu. Mavyaa wako aliuvuka? Alivua viatu? Wewe ulikuwa wapi? Kaulize watoto, watakuambia, na utajua siku hiyo mtu alikuwa anajenga nini wakati wewe umeinua simu juu kutafuta mtandao.

Ndoa za siku hizi zinanitia huzuni, hasa za huko nje. Mume anaingia, mke anatoka. Wanapeana watoto mlangoni kama walinzi wanaopeana funguo. Chakula kimeachwa kwenye jokofu na karatasi. Fedha zinatumwa nyumbani, kiwanja kimenunuliwa Kigamboni, nyumba imefika lenta, na waliojenga hawajakaa meza moja tangu Ramadhani. Wakipata siku nne za pamoja wanaogopana. Kila mmoja anakimbilia kioo chake. Zamani wazee wetu walilala chumba kimoja kwenye mkeka, ugomvi wa jioni ulipaswa uishe kwa sababu hapakuwa na chumba cha kwenda kununa. Hema ni hilohilo. Ukuta wa kitambaa, pumzi za wote zinasikika, mwanamume anamsikia mkewe akigeuka. Ulikuwa na mume wako na wanao umbali wa mkono, kitu ambacho nyumba yenu ya vyumba vitatu haijakupa miaka mingapi? Ukakiita ukimbizi. Na hilo neno ulitumie kwa adabu, maana hapo Minnesota mna majirani waliokaa kambini kwelikweli, Dadaab na Kakuma, wakalea watoto humo. Hawakulipa kuingia, na hawakuwa na gari la kuondoka nalo.

Mume wako naye nina neno naye, msomee. Kumshtukiza mke aliyetoka zamu ya usiku si mapenzi. Na picha ya mkeo amefunga kanga hairushwi kwenye kundi la ukoo kabla hujamwonyesha mwenyewe. Hayo mawili akuombe radhi. Lakini ataomba baada yako, kwa kuwa kosa lako lingeweza kuua.

Fanya hivi. Jikoni kwenu, watoto wakiwa wamelala, mwambie kuhusu jiko: "Ulituokoa, na mimi nilinuna." Usiongeze "lakini". Kuhusu gari mwambie ulikosea, usilete baridi wala mbu. Kisha kaa kimya, mwache aseme yaliyomjaa, hata akisema saa nzima.

Wenzako wa kikundi waambie ukweli, kwamba ulilala hemani na utarudi. Likikaa jina la Mama Hema, likae. Wanao watalipenda.

Mwaka kesho shika wewe mpango. Nafasi za kambi zinafunguliwa siku 120 kabla, panga na ratiba yako ya kazi ili uende umelala. Nunua godoro la upepo na blanketi nzito, jiko libaki nje kwenye moto. Mifupa ikikataa hema, ndani ya hifadhi ileile kuna nyumba za mbao za kukodi, wewe na mavyaa laleni humo, wanaume na watoto walale nje, moto muwe nao pamoja. Hilo mume wako hatalikataa ukilipeleka kwa uso mwema.

Mavyaa usimtumie ujumbe wala sauti ya kurekodi. Mpigie. Saa nne usiku kwako, Tanga ni saa kumi na mbili asubuhi, ameshaswali na chai iko motoni. Mwamkie, mwambie: "Mama, nilikuacha kwenye mvua, nisamehe." Kisha muulize ile hadithi aliyowapa watoto usiku ule iliishaje, maana wewe hukuisikia, umsikilize mpaka mwisho.