Mwamko wa Harlem na kazi ya wahariri

Mhariri, mmeuliza ni kipindi kipi cha fasihi ya Marekani kilichoibadili zaidi fasihi hiyo. Wengi watautaja ulimbwende (mkondo wa karne ya 19 uliotukuza hisia na maumbile) wa akina Emerson, au usasa (mkondo wa karne ya 20 uliovunja kanuni za zamani za uandishi) wa akina Faulkner, na sina ugomvi nao. Mimi nauchagua Mwamko wa Harlem, vuguvugu la waandishi Weusi lililopewa jina la mtaa wa Harlem, New York, katika miaka ya 1920, kwa kuwa unaonyesha wazi jinsi vuguvugu la fasihi linavyojengwa na wahariri sawa na linavyojengwa na watunzi.

Weusi waliokimbia dhuluma za majimbo ya Kusini walikuwa wamejaa katika miji ya Kaskazini, hivyo wasomaji na vipaji vilikuwapo. Kilichopungua ni mahali pa kuchapisha. Jarida la The Crisis, lililoanzishwa mwaka 1910 na kuhaririwa na W. E. B. Du Bois, lilianza kuchapisha mashairi ya kijana Langston Hughes mwaka 1921, wakati Jessie Fauset akisimamia kurasa zake za fasihi. Machi 1924, Charles S. Johnson, mhariri wa jarida jingine la Weusi, Opportunity, aliandaa karamu ya kuipongeza riwaya ya kwanza ya Fauset, akawaalika pia wachapishaji Weupe wa New York. (Fauset mwenyewe, kwa bahati mbaya, alisahaulika kidogo katika karamu iliyoandaliwa kwa ajili yake.) Karamu hiyo ndiyo iliyozaa toleo maalumu la jarida la Survey Graphic la Machi 1925, ambalo mwanafalsafa Alain Locke alilipanua mwaka huohuo likawa kitabu, The New Negro, mkusanyo wa kazi za waandishi hao.

Umoja wa waandishi na wahariri hao haukudumu. Mwaka 1926 Du Bois alisisitiza kwamba sanaa yote ni propaganda, ilhali Hughes, mwandishi Zora Neale Hurston na vijana wenzao walitoa jarida la Fire!!, lililothubutu kuandika maisha ya watu wa kawaida bila kuyapamba, nalo likafa baada ya toleo moja.

Vitabu vya shule hupenda kukifunga kipindi hiki kwa anguko la uchumi la 1929. Sikubaliani navyo: riwaya kuu ya Hurston, Their Eyes Were Watching God, ilitoka mwaka 1937, na mwaka 1962 Hughes alikuwa Makerere, Kampala, katika mkutano wa waandishi wa Afrika, pamoja na Chinua Achebe, Wole Soyinka na mwanafunzi aliyekuja kujulikana kama Ngũgĩ wa Thiong'o.