Rangi Inavimba, Zege Linavuja: Majibu kwa Wasomaji wa Mtwara na Lindi

*Shikamoo fundi. Nyumba yangu ipo Shangani, Mtwara. Kila masika rangi inavimba na kubanduka chini ya madirisha. Nimeshapaka rangi ya kuzuia maji mara mbili. Safari hii ninunue ipi?*

Marahaba. Usinunue kitu kwanza. Kata kipande cha nailoni nene, ukubwa wa sahani, ukibandike ukutani kwa selotepu pande zote nne. Kiache siku mbili. Matone yakiwa upande wa chumbani, hilo ni jasho la hewa. Chumba kinahitaji kupitisha upepo, si dawa. Yakiwa nyuma ya nailoni, maji yamo ndani ya ukuta, na rangi yoyote utakayopaka kwa ndani yataisukuma tu.

Hapo ndipo unauliza yanaingilia wapi. Doa linaloanzia sakafuni, linaloishia chini ya mita moja na kuacha unga mweupe wa chumvi, linatoka ardhini: ama msingi haukuwekewa nailoni ya kuzuia unyevu kupanda, ama uwanja umepandishwa kifusi hadi ukaizidi. Hili la pili nalikuta mno. Mtu anajaza kifusi, anatandika pevingi, halafu anamlaumu muuza rangi! Shusha uwanja ubaki walau sentimita 15 chini ya usawa wa nailoni hiyo ya msingi, bandua plasta iliyoliwa na chumvi, ukuta ukauke ndipo upigwe upya.

Lakini wewe umetaja chini ya madirisha, na mimi nashuku vizingiti. Mimina kikombe cha maji juu ya kizingiti, kwa nje. Yakituama au yakirudi kwenye fremu, umempata mwizi. Kizingiti kinatakiwa kiteremke kwenda nje, kitokeze kidogo mbele ya ukuta, na chini yake kiwe na kijifereji cha kudondoshea maji. Hiyo ni kazi ya nusu mfuko wa saruji.

*Nipo Lindi mjini, juu kuna zege tunapoanikia nguo na linavuja. Fundi mmoja anataka shuka la lami la kuchoma kwa gesi, mwingine dawa ya saruji ya kupaka. Nani mkweli?*

Wote, ila waulize kwanza habari ya mteremko. Zege lisiloteremka sentimita moja hadi mbili kwa kila mita litatuamisha maji, na maji yaliyotuama yatapata tundu siku moja. Kwa kuwa mnatembea juu yake, mimi ningechagua dawa ya saruji ile inayovutika, ipakwe mikono miwili, yaani mara mbili, wa pili ukikatiza wa kwanza, wavu kwenye kona zote, kisha vigae au plasta juu yake. Shuka la lami ni imara, lakini likiachwa wazi jua letu linalichosha, na maungio yakichomwa ovyo yanafunguka. Lolote utakalochukua, lipande ukutani sentimita 15. Mavuno mengi ya mafundi wa marekebisho yapo kwenye kona hiyo. Ukimaliza, ziba bomba la kutolea maji, jaza maji kidogo, uyaache saa 24. Hela ya mwisho ya fundi ikae mfukoni mpaka uone dari kavu.

*Newala huku tunategemea maji ya mvua. Tangi langu la chini ya ardhi linapungua lenyewe. Nipake lami ndani?*

Hapana, maji hayo mnakunywa. Chukua dawa ya saruji iliyoandikwa kwenye ndoo yake kuwa inafaa kwa maji ya kunywa. Kabla ya hapo piga alama usawa wa maji kila asubuhi: yakiacha kushuka mahali fulani, ufa upo usawa huo.

*Kilwa. Tangu upepo wa kimbunga Hidaya, Mei 2024, bati zinavuja kwenye misumari. Nizibe kwa lami?*

Itapasuka. Ng'oa misumari iliyolegea, weka skrubu nene zaidi zenye mpira, kwenye mgongo wa bati na siyo bondeni. Bati lililooza kwa kutu ya chumvi libadilishe.

*Mikindani, nyumba ya urithi ya mawe na chokaa. Fundi anataka kuipiga plasta ya saruji ili isinyonye maji.*

Mzuie, tafadhali. Kuta hizo hukauka kwa kupumua. Saruji itafungia unyevu ndani na kubanduka na vipande vya mawe. Tafuta fundi wa chokaa, na kabla hajaanza mwonyeshe paa, kwa sababu ukuta wa namna hiyo ukilowa kutoka juu hakuna plasta itakayousaidia.