Wasomaji Wanauliza: Darubini Fupi ya Bunduki

SWALI: Nipo Houston, Texas. Nawinda nguruwe mwitu jioni kwa bunduki ya AR-15 inayotumia risasi za .223, na ni nadra kupiga zaidi ya mita 150. Nina astigmatizimu (kasoro ya mpindo wa jicho), kwa hiyo nukta nyekundu ya kilengeo changu naiona imetawanyika kama nyota. Nichukue darubini ya prizimu ya mara 3, au ile ya kubadilika ya mara 1 hadi 6?

JIBU: Prizimu, na sababu umeshaitaja mwenyewe. Nukta unayoiona sasa ni mwanga wa taa ndogo unaoakisiwa na kioo, na jicho lako ndilo linaloutawanya. Kwenye prizimu alama ya kulengea imechongwa katika kioo chenyewe, hivyo hata betri ikiisha inabaki, nyeusi.

Nyeusi hiyo ndiyo kasoro yake jioni: ukiiweka juu ya nguruwe mweusi haionekani. Nunua yenye taa, na uipunguze hadi alama ianze tu kuonekana. Ukiizidisha, ile nyota yako itarudi.

Kwa upande wa mwanga, gawa kipenyo cha lenzi ya mbele kwa ukuzaji, upate upana wa mwanga unaofika jichoni. 3x30, yaani ukuzaji wa mara 3 na lenzi ya milimita 30, inakupa milimita 10. 1-6x24 ikiwa kwenye 6 inakupa 4, ilhali mboni gizani hupanuka hadi 5 au hata 7. Ukiirudisha kwenye 3 inatoa 8, inatosha kabisa. Lakini basi ile 6 umeilipia ya nini? Tena pamoja na kishikio chake mara nyingi inavuka gramu 600.

Pete ya jicho, ile ya nyuma inayonoa alama, irekebishe ukiwa umevaa miwani yako, maana haiondoi astigmatizimu. Elekeza darubini kwenye ukuta mweupe, tazama alama kwa sekunde moja, geuza macho, zungusha kidogo, rudia. Ukikodoa macho muda mrefu, jicho litajilazimisha kuona vizuri nawe utadhani umemaliza.

Vistari vya masafa chini ya alama vimepimwa kwa risasi na urefu fulani wa mtutu. Soma kijitabu: vya .308 havitakufaa.

Wakati wa kufunga, sukuma kishikio mbele hadi kiguse ukingo wa mfereji wa reli iliyo juu ya bunduki, ndipo ukaze. Bunduki ikirudi nyuma, darubini hubaki ikijivuta mbele. Ukiacha nafasi, itahama kidogo kidogo nawe utalaumu risasi. Kaza kwa spana ya kipimo, kwa kiwango cha mtengenezaji.

Anza kupiga mita 25. Kama tiki moja ya kizungushio cha kurekebishia ni robo ya MOA (MOA ni sehemu moja ya 60 ya digrii), inahamisha risasi takriban milimita 7 kwa mita 100, lakini chini kidogo ya 2 kwa mita 25. Risasi zikiwa chini kwa sentimita 4 hapo, ni tiki 22 hivi. Kisha hakikisha kwa mita 100.

SWALI: Mimi ni mwindaji msaidizi Tanzania, natumia bunduki ya .375 H&H. Kaka yangu aliye Marekani anataka kuniletea ACOG, darubini ya prizimu, ya 4x32. Itanifaa?

JIBU: Hapana. TA31, modeli ya ACOG ambayo ndiyo 4x32 iliyozoeleka, inataka jicho likae milimita 38 tu kutoka kwenye lenzi. Kwa teke la .375, ukingo wake utakupasua nyusi kwa risasi ya kwanza. Tafuta ya kubadilika yenye ukuzaji mdogo, mfano 1.5-5x20, inayokuachia angalau milimita 90, na pete za kufungua kwa mkono. Ukimfuata nyati aliyejeruhiwa vichakani utaitoa na kutumia vilengeo vya chuma.

Mwambie kaka asiitie kwenye sanduku kimyakimya. Darubini za bunduki kutoka Marekani zinasimamiwa na Wizara ya Biashara ya huko, na mara nyingi huhitaji kibali kabla ya kusafirishwa.