Usiseme "mtakachoona kinafaa"

Mwanangu,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu, mara ya mwisho nikiwa kwenye matatu ya kurudi Buruburu. Unauliza: ile kampuni ya Westlands wakitaka kujua mshahara unaotarajia, uwaambie ngapi? Na je, 280,000 ni nyingi mno kwa wakili anayetoka ofisi ya mawakili inayomlipa 180,000?

Mimi si wakili. Lakini barua za ajira nimezipiga chapa nyingi kuliko ulizowahi kusoma.

Ile kazi yangu ya Eneo la Viwanda unaijua, ila hili sidhani niliwahi kukusimulia. Ilikuwa 1991. Meneja aliniuliza nataka kiasi gani. Nikaangalia viatu vyangu, nikajibu, "Mtakachoona kinafaa." Akatabasamu. Jumatatu yake kazi ya kwanza niliyopewa ilikuwa kupiga chapa barua mbili: yangu, na ya kijana tuliyeajiriwa naye siku moja, cheti kimoja, tena kwenye mashine nilimshinda kasi. Barua yake ilikuwa na shilingi 1,500 zaidi. Niliipiga na kaboni yake, nakala mbili, bila kosa hata moja. Baba yako husema hapo ndipo nilipojifunza uvumilivu. Hajui kitu.

Si zile 1,500 zilizoniuma. Baadaye nilimuuliza yule kijana alifanyaje. Akanishangaa: "Nilitaja tu." Kisha kila mwaka nyongeza ikaja kwa asilimia, yeye na mimi sawasawa, na pengo likazidi kupanuka. Mshahara wa kuingilia ndio mama wa mishahara yote, mwanangu. Nilikwambia hivyo ulipoanza uanagenzi, ukacheka.

Basi hiyo 100,000 ya juu usiihesabu kama 100,000. Kwa kiwango chako, SHIF, ile bima ya afya ya serikali, inachukua asilimia 2.75 na ada ya nyumba asilimia 1.5. Kinachobaki kinakatwa kodi ya asilimia 30. Mkononi utapata kama 67,000. Kwa hivyo kabla ya kuhama uliza yasiyo mshahara. Nani atalipia cheti chako cha uwakili kila mwaka? Akiba ya uzeeni wao wanaweka ngapi? Bonasi imeandikwa au inasemwa tu? Bima ya matibabu inachukua wazazi? (Hilo la mwisho nimeuliza tu.) Na wakitaka uwe pia katibu wa kampuni, yule wa mikutano ya bodi na kumbukumbu za kisheria, si wa kupiga chapa kama mimi, hiyo ni kazi ya pili, yenye mitihani na usajili wake. Isiingizwe bure chini ya "majukumu mengine".

Kuna jambo jingine linalonisumbua. Huko uliko, wewe ndiwe unayeleta pesa. Mteja akilipa, jina lako linaonekana. Kwenye kampuni idara ya sheria huhesabiwa upande wa gharama, na gharama hukumbukwa wakati wa kupunguza watu. Lakini tena utalala nyumbani, utaacha kukimbizana na mahakama za Milimani asubuhi na wateja wanaopiga simu saa tano usiku. Hayo nayo yana bei yake, sijui unayapigaje chapa kwenye barua.

Wakati mwingine najiambia nilikosa shukrani. Ile kazi ndiyo iliyokulipia karo hadi Shule ya Sheria kule Karen. Na 1991 foleni ya wanaotafuta kazi ilifika getini. Labda ningetaja namba wangeniambia nipishe mwingine. Najiambia hivyo, halafu namkumbuka yule kijana. Hakuna aliyemwambia apishe.

Sasa 280,000 ni nyingi au ni kidogo? Nilimwahidi baba yako sitakuingilia, kwa hivyo uamuzi ni wako. Ila itaje wewe, ukiwatazama usoni, halafu unyamaze. Usijaze ukimya kwa maelezo. Ukimya ni wao waujaze. Na ukijaribu kuitamka mbele ya kioo ikakutoka kwa urahisi mno, basi pengine ni...

Aa, nimeahidi.

Njoo Jumapili na barua yao kabla hujatia sahihi. Nitaisoma tu.

Mama