Mitandao ya Kijamii Katika Utafiti wa Uzamivu: Iliponisaidia na Nilipokosea

Nilipoanza shahada ya uzamivu, mada yangu ilikuwa istilahi za mafundi wa vyombo vya baharini kuanzia Lamu hadi Kilwa, na fedha nilizokuwa nazo hazikutosha hata kuvuka kwenda Unguja mara tatu. Niliingia mitandaoni kwa sababu ya ufukara huo, wala si kwa mapenzi ya teknolojia. Wanafunzi wanaponiuliza leo kama mitandao inafaa kwa utafiti, huwajibu kwamba inafaa sana kwa kumtafuta mtu wa kumuuliza, ila majibu yenyewe hayana budi kufuatwa aliko.

Mwanzoni niliweka hojaji ya maswali 32 katika kundi la WhatsApp lenye watu zaidi ya mia nne. Walijibu wawili, mmoja wao akiwa binamu yangu. Wiki iliyofuata niliweka picha moja tu ya jahazi lililokuwa likiundwa Nungwi, nikazungushia mstari mwekundu ubao mmoja uliopinda, kisha nikauliza: "Hiki kwenu mnakiitaje?" Kabla ya adhuhuri watu walikuwa wakibishana kuhusu taruma (mbavu za chombo) na mkuku (uti wake wa chini), na mzee mmoja aliyezaliwa Unguja na kuhamia Muscat akatuma ujumbe wa sauti wa dakika sita akisimulia kazi ya marehemu baba yake. Ujumbe ule haukuingia katika tasnifu hata sentensi moja, lakini ulinielekeza kwa mafundi wawili ambao nilikwenda kuzungumza nao ana kwa ana, na mahojiano yao ndiyo yaliyojenga sura ya nne. Mmoja wao hakuwa na simujanja, jambo linaloonyesha kwa nini wanakundi, hata wakiwa wengi namna gani, hawawezi kuitwa sampuli.

Kosa langu kubwa lilikuwa kuyanakili mabishano yale kama yalivyo, majina na namba za simu zikionekana, na kuyaweka katika kiambatisho. Msimamizi wangu aliirudisha rasimu akiwa ameandika pembeni neno moja: "Ridhaa?" Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Kenya ina yake ya mwaka 2019, lakini hata pasipo sheria, mtu anayezungumza na wenzake barazani hajakubali kusomwa na watahini wako. Ilinibidi nimwandikie kila mmoja faraghani, na watatu walipokataa nikayafuta maneno yao. Kwa hiyo jitambulishe kwa kiongozi wa kundi siku ya kwanza, mweleze mada yako na chuo chako, kisha uombe ridhaa ya kila mhusika kabla ya kumnukuu.

Kuhusu machapisho, nitasema machache. Katika ResearchGate, mtandao wa kijamii wa watafiti, unaweza kumwomba mwandishi mwenyewe nakala ya makala ambayo maktaba yako haina, na mimi nimepata nyingi kwa njia hiyo. Jisajili pia ORCID, daftari la mtandaoni la kuwatofautisha watafiti, upate namba yako ya tarakimu 16, hasa sisi ambao majina yetu matatu twayachangia na nusu ya mtaa. Ukishaonekana mitandaoni, utaanza kupokea mialiko ya majarida yanayoahidi kuchapisha makala yako ndani ya siku tatu kwa malipo. Mwonyeshe msimamizi wako kabla hujatoa hata shilingi.

Rasimu ya matokeo ipeleke kwa wale waliokusaidia kabla hujaiwasilisha. Mimi niliirudisha orodha ya istilahi katika kundi lile baada ya mahafali, nikidhani natoa shukrani. Haikupita saa moja wakanionyesha kwamba maana mbili nilizozitoa si sahihi, na wakati huo tasnifu ilikwisha kujalidiwa na kuwekwa maktaba.