Kugawa kwa sifuri: programu inakufa kwenye x86, inapita kwenye ARM

Ndugu, kama programu ileile inayogawa kwa sifuri inauawa na SIGFPE (ishara ya Linux ya kosa la hesabu) kwenye x86 lakini ARM64 inakupa 0 kimya kimya, usiilaumu asembla (programu inayogeuza msimbo wako kuwa lugha ya mashine). Prosesa ya x86 huinua hitilafu namba 0. ARM64 hurudisha 0 na RISC-V hurudisha -1, bila kelele. Kiroja ni MIPS: prosesa haishtuki, ila asembla ya GNU huchomeka ukaguzi wake wenye namba 7, na Linux huugeuza kuwa SIGFPE.

Kwa hiyo usitegemee kerneli (kiini cha Linux) ikukamatie kosa. Kabla ya kugawa, linganisha kigawanyo na 0, kisha ruka kwenye rutini yako moja ya makosa. Kwa namba zenye alama (chanya au hasi), kagua pia -2147483648, ndogo kuliko zote za biti 32, kugawa kwa -1; jibu halienei: x86 huinua hitilafu ileile, na Linux huiripoti kana kwamba umegawa kwa sifuri. Kigawanyo si sifuri na bado inakufa? Kwenye x86 tazama EDX, rejista yenye nusu ya juu ya namba inayogawanywa. Ukisahau cdq (amri inayoijaza EDX kwa alama ya EAX) kabla ya idiv (amri ya kugawa), takataka zilizomo huweza kufanya jibu lisienee kwenye EAX, rejista ya jibu.

Ukidaka SIGFPE usirudi hivi hivi: anwani iliyohifadhiwa ni ya idiv yenyewe, utazunguka bila mwisho. Sogeza RIP (rejista ya anwani ya amri) mbele, au toka kwa siglongjmp, inayorukia mahali ulipohifadhi awali kwa sigsetjmp.