Maswali Yenu ya Safari: "Dada, Kwihara kuna cha kuona kweli?"

SWALI: Dada shikamoo. Mimi ni mzaliwa wa Ujiji ila nimeolewa huku Tabora, tunakaa Isevya. Mwezi wa saba wifi zangu wawili wanakuja kututembelea, nikasema niwapeleke kwenye tembe la Livingstone, yule mmisionari na mpelelezi wa kizungu wa zamani, kule Kwihara, sasa mume wangu anasema ile ni nyumba ya udongo tu, mtazunguka dakika kumi mmemaliza mtarudi mnajutia nauli. Kwetu Ujiji nilishapelekwa kumbukumbu ya Livingstone nikiwa shule ya msingi, ninachokumbuka ni miembe na zile sanamu za wazungu wawili wanasalimiana, basi. Kwihara kuna cha kuona kweli au nitafute pengine? – Mama wa Isevya

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Shemeji hajakosea, nyumba ni ya udongo na dakika kumi kweli unaweza ukaimaliza, mimi mwenyewe mara ya kwanza niliimaliza hivyohivyo. Tulienda na wenzangu wa kazini, gari la kukodi, dereva yuko nje anapiga honi, kijana aliyetupokea kaona tuna haraka naye akaharakisha, hiki chumba alilala Livingstone, hiki alikaa Stanley, haya karibuni tena. Tukapiga selfi mlangoni tukaondoka. Jioni mama ananiuliza, haya mmeona nini, nikakosa la kumjibu. Niliona aibu kwelikweli maana mimi ni mtoto wa Ng'ambo, Kwihara kwangu ni pua na mdomo.

Nikarudi peke yangu asubuhi moja siku ya kazi, hakuna watu, aliyenitembeza alikuwa mtu mzima kidogo hana papara, nikamwomba tusiingie kwanza anielezee nyumba kwa nje. Hapo ndo nilipoanza kuiona Kwihara.

Kwanza neno lenyewe. Tembe sio jina la Livingstone wala sio kitu cha kizungu, tembe ni nyumba ya kwetu huku bara ya paa bapa, miti inalazwa juu ya kuta halafu inashindiliwa udongo, ndani kunakuwa na ubaridi hata jua la mwezi wa kumi likiwa linachoma nje. Hii ya Kwihara waliijenga Waarabu wafanyabiashara mwaka 1857, ndo maana utaona udongo wa Unyamwezi unakutana na mlango wa kuchongwa wa kipwani. Simama hapo mlangoni na wifi zako hata dakika tano muuangalie vizuri. Livingstone alikuwa mgeni tu humo ndani, na Stanley hivyohivyo.

Sasa mtiririko wake uko hivi, ukiuweka kichwani vyumba vyote vinaanza kuongea. Stanley, mwandishi wa habari, anafika Unyanyembe, yaani eneo hili la Tabora na Kwihara, Juni 1871 anamtafuta Livingstone, anakuta njia ya Ujiji imefungwa kwa sababu Mirambo, mtemi wa Kinyamwezi, yuko vitani na Waarabu, anakaa hapo Kwihara karibu miezi mitatu anaugua homa, na mwezi wa nane Mirambo anauvamia mji wa Tabora wenyewe anauchoma. Stanley ikabidi azungukie kusini ndo akafika kwenu Ujiji, wakaonana, ile unayoijua wewe ya kwenye sanamu. Watu wengi wanadhani hadithi imeishia pale chini ya mwembe lakini haikuishia, wakarudi wote wawili mpaka Kwihara, wakafika Februari 1872, wakaishi pamoja humohumo. Tarehe 14 Machi Stanley akaaga akaenda zake pwani, kabeba barua na madaftari ya mzee yaliyofungwa kwa lakiri.

Na Livingstone akabaki anasubiri. Walikubaliana Stanley akifika pwani amtafutie wapagazi na vifaa amtumie, kwa hiyo mzee wa miaka 59, mgonjwa, kakaa kwenye hilo tembe kuanzia mwezi wa tatu mpaka tarehe 25 Agosti, miezi mitano na zaidi, hana simu hana telegramu, hajui kama watu wanakuja au hawaji. Wapagazi walipofika, zaidi ya hamsini, akaondoka nao kusini na hakurudi tena akiwa hai. Tarehe 1 Mei 1873 akafia kijijini kwa Chitambo, Zambia ya leo.

Mdogo wangu sehemu inayokuja ndo naomba uishike, na kama mwongozaji hajaigusa umwombe kwa heshima airudie: Livingstone alirudi Kwihara akiwa maiti. Waliomrudisha ni watu wake wa safari, Susi na Chuma na Jacob Wainwright na wenzao makumi, na wanawake walikuwemo akiwemo Halima mpishi wake. Walimzika moyo wake pale alipofia chini ya mti, mwili wakautia chumvi wakaukausha juani wakaufunga, wakaubeba kwa zamu miezi na miezi porini, na mwezi wa kumi 1873 wakaingia nao Unyanyembe. Pale wakamkuta mzungu mwingine, Cameron, ofisa wa Kiingereza aliyekuwa ametumwa kumfuata Livingstone, akawashauri wamzike hapohapo, njia ya mbele ni ngumu. Wakakataa. Wakasema huyu ni mtu mkubwa lazima afike kwao. Na walivyoona njiani wenyeji wanakataa maiti isipite kwao wakatumia akili, wakaufunga mwili upya uonekane kama robota la nguo, wakatengeneza mzigo mwingine wa vijiti na nguo mfano wa maiti, wakautuma urudi Unyanyembe kwa madai kwamba wanakwenda kumzika, wao huku wanasonga na mzigo wenyewe mpaka Bagamoyo, Februari 1874.

Akazikwa kwenye kanisa la Westminster Abbey London tarehe 18 Aprili 1874, na jiwe lake linasema ameletwa na mikono ya waaminifu kupitia nchi kavu na bahari. Mikono ya waaminifu. Majina yao hayakuandikwa pale. Susi na Chuma hata mazishini hawakuwepo, walipelekwa Uingereza baadaye mambo yameshaisha, kati ya waliobeba ni Jacob Wainwright peke yake aliyefika kwa wakati. Mimi hili linanikaa rohoni kila nikipita barabara ya kwenda Kwihara, kwamba uamuzi mkubwa wa safari ile yote ulifanywa hapa kwetu, na waliousimamia ni watu weusi waliochoka, wasio na mshahara wa uhakika, wanamwambia ofisa wa Kiingereza hapana.

Kwa hiyo cha kuona kipo. Watembeze wifi zako nje kwanza, mlangoni, uani, halafu ndo vyumbani kwenye barua na ramani na picha. Muulizeni mwongozaji Susi na Chuma waliingilia upande gani wa kijiji, muulizeni kuhusu Shaw, yule baharia aliyekuja na Stanley akaugua akazikwa hapohapo Kwihara. Ukimpa mwongozaji swali anabadilika kabisa, anaona hawa wamekuja kusikiliza. Mwezi wa saba ni mzuri, barabara ni kavu, masika yale ya mwezi wa pili na wa tatu bodaboda zinateseka. Pataneni na bajaji awasubiri kabisa au arudi kwa muda mliokubaliana, ila asikae anapiga honi. Na umwambie shemeji naye aende.

SWALI: Dada habari za kazi. Mimi ni mwalimu hapa Kigoma mjini, darasa la sita. Mwakani tunataka kuwapandisha watoto treni tuje nao Tabora wakaone Kwihara. Shida yangu ni moja, tulipowapeleka kumbukumbu ya Ujiji watoto waliuliza habari za utumwa, mmoja akauliza kama babu zake ndo waliuza watu au waliuzwa, nikababaika. Nikifika Kwihara nisemeje? – Mwalimu wa Kigoma

JIBU: Mwalimu hongera sana kwanza, mtoto akiuliza swali kama hilo ujue umefundisha. Usilikwepe.

Ukweli ni kwamba nyumba ile ilijengwa kwa biashara ya pembe za ndovu na watumwa, na barabara ni ileile moja, kwenu Ujiji kwenye ziwa, inapita hapa Unyanyembe, inaishia Bagamoyo halafu Unguja. Waambie hivyo kwa lugha nyepesi. Lakini kuna kitu walimu wengi wanakichanganya, na waongozaji wengine pia, wanaona mtu kabeba mzigo kwenye picha wanasema mtumwa. Mpagazi wa Kinyamwezi hakuwa mtumwa. Alikuwa mtu wa kazi, anajiandikisha mwenyewe, anapatana ujira wake wa nguo na shanga, anabeba frasila mbili hivi, yaani kilo 30 na ushee, anakwenda pwani na kurudi, na kijana aliyekuwa hajafika pwani alikuwa bado hajakomaa machoni pa wenzake. Kwenye njia hiyohiyo sasa, pembeni ya huyo mwenye ujira wake, anapita mwingine kafungwa shingo na mwenzake, huyo ndo mtumwa. Watoto wakizielewa hizo sura mbili wameielewa barabara nzima. Na huyo aliyeuliza kuhusu babu zake mjibu tu kwamba walikuwepo waliouza na waliouzwa na waliobeba mizigo kwa ujira na waliojificha porini, na inawezekana ukoo mmoja una wote.

Jambo la pili ambalo lingenifurahisha uwaambie mkiwa mmekaa barazani pale. Livingstone aliichukia biashara ya watumwa, tarehe 15 Julai 1871 aliona kwa macho yake watu wanauawa kwa bunduki sokoni Nyangwe huko Kongo, wengi wakiwa wanawake waliokuja kuuza vitu vyao, akaondoka pale akarudi Ujiji amevunjika moyo. Lakini nyumba anayolala Kwihara ni ya wafanyabiashara walewale, na bila chakula chao na njia zao asingefika popote. Aliishi na hilo. Barua zake zilizotoka Kwihara mkononi mwa Stanley zilisomwa Uingereza, zikawachemsha watu kule, na tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash wa Zanzibar akatia saini mkataba wa kulifunga soko la watumwa Unguja, mwezi mmoja baada ya Livingstone kufa. Hakupata kusikia. Darasa la sita wanaweza kulibeba hilo mwalimu, usiwadharau, wape muda tu.

Ushauri wa mambo madogo: gawa watoto makundi ya kumi na tano hivi, vyumba ni vidogo, wakiingia sitini mwongozaji anaongea na migongo. Ongea naye kabla hamjafika, mweleze ni darasa la ngapi. Kila mtoto aje na swali moja kaliandika mwenyewe nyumbani. Na treni ikiwa inaingia stesheni ya Tabora waamshe, waambie reli hii Wajerumani waliifikisha hapa 1912 na kwenu Kigoma 1914, na iliifuata karibu njia ileile ya misafara, kwa hiyo safari aliyotembea mpagazi wiki na wiki wao wameilala usiku mmoja.

SWALI: Boma la Wajerumani hapo Tabora mjini tunaruhusiwa kuingia na kupiga picha? Nitapita nikielekea Kigoma. – Msafiri, Dodoma

JIBU: Hapana ndugu yangu, lile liko chini ya jeshi, liangalie ukiwa barabarani na simu ibaki mfukoni, usibishane na askari. Kama una nusu siku nenda Kwihara, kama una saa moja zunguka stesheni, jengo ni la Mjerumani na bado linafanya kazi. Shule ya wavulana ya Tabora aliyosoma Nyerere nayo iko mjini, ila ni shule yenye wanafunzi madarasani, omba ruhusa ofisini kwanza usiingie kama sokoni.

SWALI: Mwongoza watalii anapewa ngapi? Huwa naona aibu. – Dada wa Kasulu

JIBU: Kiingilio lipa getini na udai risiti, hiyo ni ya serikali na ndo inayokarabati paa, nyumba ya udongo ikikosa mkono masika mawili tu inaanza kumeguka. Mwongozaji mpe ya chai kulingana na uwezo wako, mkononi, umwambie na asante kwa maneno. Na kama alikupa saa nzima na akakutajia jina la Chuma kabla hujamuuliza, ongeza.